Makabati Tuliyopandisha Wenyewe

Mtaa wa Umoja,
Nairobi.
22 Januari 1984

Mpendwa Dada Ndanu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Elifuraha na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umetulia. Sisi hatujambo. Mama nilimwona Krismasi kule Mwala. Macho yake si mabaya kama tulivyoogopa. Bado anachambua mbaazi bila miwani na kokoto haimponyoki. Alinituma nikuulize mambo mawili: kama unakula vizuri, na, kwa kuwa sasa mpaka wa Kenya na Tanzania umefunguliwa tena, unangoja nini huko Moshi. Hayo maneno ni yake, si yangu.

Najua utasema nimekunyamazia tangu Agosti. Ni kweli, nisamehe. Kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kukuandikia kabla halijaisha, ukae huko ukilia bila kuweza kuja. Sasa limeisha, na lililotoka ndani yake ni zuri, kwa hiyo nitakueleza yote.

Mwezi huo wa nane Wayua wangu mdogo alikunywa mafuta ya taa. Unajua nyumba hizi za Umoja tulipewa na jikoni yenye sinki na kuta tupu. Miaka mitano yote vitu vyangu vilikaa sakafuni: sufuria, debe la unga, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Nilitoka kuanua nguo, sijui kama nilikawia dakika tano. Niliporudi alikuwa ameketi na chupa mapajani, anakohoa, na mdomo unanuka. Nilitaka kumtia kidole kooni atapike. Jirani yangu Adoyo, huyu Mjaluo wa mlango wa pili niliyekuandikia habari zake, aliukamata mkono wangu akasema, "Usimtapishe, yataingia mapafuni. Twende." Tukakimbia naye.

Alilala hospitali siku nne. Kifua kilikuwa kikipiga filimbi kila akivuta pumzi. Mungu alimrudisha, na leo ukimwona huwezi kujua. Juzi amempiga mtoto wa Adoyo kwa ajili ya muwa. Baba yake, Maingi, alikuwa safarini na lori, akafika siku ile tuliporuhusiwa kutoka. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Basi nikaapa kwamba jikoni kwangu hakitakaa kitu tena sakafuni. Nilitaka makabati ya ukutani, yenye milango ya kufunga.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika mwezi wa kumi nikaenda mjini, kwenye duka moja lenye makabati meupe yanayong'aa. Ukigonga unasikia ni unga wa mbao uliogandishwa. Hata hivyo nikauliza bei, nikaona nikijibana nitaweza. Muuzaji akatabasamu. "Hiyo ni ya kabati tu, mama. Kufunga ni kando." Nikamuuliza kando ni kiasi gani. Akaniandikia kwenye karatasi, na kufunga peke yake kulikaribia bei ya makabati yenyewe. "Unaweza kufunga mwenyewe," akasema, "lakini yakianguka usituletee." Karatasi ile niliwashia jiko.

Nikamwita Bedan, fundi wa mtaa wetu. Alikuja na penseli sikioni, akagonga ukuta kwa vidole kama daktari anayesikiliza kifua. "Hii ukuta ni ngumu sana, mathe. Si kazi ya siku moja." Bei aliyotaja ilikuwa kama ya mjini, na hata makabati hakuwa nayo. Nilimpa chai akaenda zake.

Wakati huo Adoyo alikuwa akifanya kazi ya usafi huko Eastleigh. Alhamisi moja alirudi akaniambia nyumba moja ya zamani, kati ya zile zenye baraza mbele, inabomolewa wajenge lojing'i ya wageni, na vitu vya ndani vinauzwa. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, nilimwachia Wayua nikaenda. Milango na madirisha yalishaegemezwa kwenye ua, lakini jikoni makabati yalikuwa bado yamening'inia: mawili ya ukutani na moja la chini lenye droo tatu. Yalipakwa rangi ya kijani ya kuchukiza. Nikatoa ufunguo nikakwaruza ukingoni, na chini ya rangi nikaona mbao ya kahawia. Dada, ilikuwa mvule.

Msimamizi wa pale, mtu mmoja anayeitwa Gichuru, alikuwa nyuma yangu. "Ukishakwaruza umeshanunua," akasema.

Tulivutana bei mpaka tukafika shilingi mia mbili na ishirini kwa yote matatu, kwa sharti moja. "Utayatoa mwenyewe," akaniambia. "Watu wangu wanajua kubomoa, hawajui kufungua. Na kesho saa sita mchana nyundo inaingia jikoni." Akaniazima bisibisi.

Mimi nilikuwa sijawahi kushika bisibisi ila kufungulia redio. Skrubu zilifunikwa na rangi, ikabidi nizichokore moja moja ndipo zionekane. Lakini kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyoanza kuelewa. Chini ya kila kabati palikuwa na ubao mwembamba uliofungwa ukutani peke yake, na kabati limekaa juu yake kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Juu, kwa ndani, ubao mwingine, na skrubu zinapita hapo kuingia ukutani. Na ukutani hazikushika saruji. Zilishika vigingi vya mbao vilivyopigiliwa kwenye matundu. Hakukuwa na kingine. Nilisimama pale na vumbi kichwani nikacheka peke yangu, kwa sababu kile nilichokuwa nikitozwa kama siri ya dawa kilikuwa mbao mbili na vigingi. Nilitoa bahasha kwenye mkoba nikachora kila kitu, na vipimo nikapima kwa shibiri.

Kesho yake kabla ya saa sita nilikodi mkokoteni, na tukayasukuma mpaka Umoja, mwenye mkokoteni akivuta mbele na mimi nyuma nimekumbatia droo. Watu walinitazama. Niliwaacha watazame.

Kukwangua rangi kulituchukua wiki tatu, mimi na Adoyo, kila jioni akitoka kazini. Chini ya kijani palikuwa na rangi ya maziwa, chini ya maziwa buluu, ndipo mbao. Kucha zetu ziliisha. Lakini tulipopiga msasa na kupaka vanishi, hata Adoyo, ambaye hasifu kitu ovyo, alikaa akitazama.

Sasa sikiliza aibu yangu. Siku ya kwanza ya kutoboa ukuta niliazima tindo na nyundo nikapiga kwa nguvu zangu zote. Plasta ilibomoka, kipande kikubwa kama sahani kikaanguka. Nikajaribu pengine, vilevile. Bedan alikuwa anapita, akaingiza kichwa dirishani. "Nilikuambia, mathe. Hii ukuta ni laini, haishiki kitu."

"Juzi ulisema ni ngumu."

"Ni ngumu nje, laini ndani," akajibu, na wala hakucheka.

Alipoondoka nilikaa juu ya droo iliyopinduliwa nikalia kidogo. Niliona nimejifanya mjuaji, na nimeharibu nyumba ya watu ambayo hata hatujamaliza kuilipia. Karibu nimwite anifungie kwa bei yake.

Badala yake nikamkumbuka Mjomba Muindi, ambaye bado anachonga twiga wa mbao kule Pumwani. Nikampelekea bahasha yangu. Aliitazama sana, akaigeuza. "Mambo ya kabati siyajui," akasema. "Lakini nionyeshe unavyopiga." Nikamwonyesha kwenye gogo. Akatikisa kichwa. "Ukuta hauna neno, Nthoki. Wewe unapiga kama unaua nyoka. Piga kidogo, zungusha tindo. Piga kidogo, zungusha. Tundu liwe dogo, kigingi kiwe kikubwa kuliko tundu, kiingie kwa shida." Kisha akaokota vipande vya miguu ya twiga iliyovunjika, na kabla sijamaliza chai alikuwa amenichongea vigingi ishirini, vyenye pembe nne, vimejisokota kidogo ili vikaze tunduni. Hakutaka senti yangu. Alitaka tu nimwambie kama vitashika.

Jumamosi ya pili ya Desemba tulikusanyika watatu: mimi, Adoyo, na Truphena, mwenyekiti wa chama chetu, ambaye ana mabega kama ya Baba yetu marehemu. Matundu nilishayapiga asubuhi, kidogo kidogo, na plasta haikuanguka hata punje. Kwa kunyoosha mstari tulitumia mpira mwembamba wa plastiki tuliojaza maji, Adoyo akishika ncha moja na mimi nyingine, mpaka maji yakalingana huku na huku. Tukafunga ule ubao wa chini. Kisha Truphena akalibeba kabati kwa mikono na kichwa, Adoyo akapanda stuli kulishika ubavuni, na mimi nikaingiza kichwa ndani nikawa nakaza skrubu. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Skrubu ya nne ilipokataa kuzunguka zaidi nikatoka.

"Haya, Truphena, achia."

"Siachii," akasema. "Likianguka mtasema ni mimi."

"Hatutasema."

Alitoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Akainama taratibu, akatoka chini yake kinyumenyume kama mtu anayemtoroka mtoto aliyelala. Kabati likabaki pale pale. Nikalitia debe la unga, nikalitia sukari, nikatia sufuria zote saba, na mafuta ya taa nikayapandisha juu kabisa na kufunga komeo. Halikulia hata ng'wee. Ndipo Truphena akaanza kuimba, na wimbo haukuisha mpaka kabati la pili lilipopanda, na hilo lilipanda kwa nusu ya muda wa la kwanza.

Maingi alirudi Jumatatu. Sikuwa nimemwambia lolote zaidi ya kwamba nimenunua mbao kuukuu. Aliingia jikoni, akafungua mlango, akafunga. Akachungulia chini, akachungulia ndani. Kisha yule mume wangu wa kilo tisini akashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili na kunyanyua miguu juu. Alining'inia hapo, Dada, kama nyani, na buti zake. Aliposhuka akauliza chakula kiko wapi. Lakini usiku huo nilimsikia akimsimulia dereva mwenzake mlangoni, na katika masimulizi yake makabati yalikuwa matano.

Na wiki mbili zilizopita, Jumapili, tukiwa tunakula, nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa safu ya pili, anaitwa Asenath, hatukuwa tukijuana. Akasalimia vizuri, akasema anamtafuta fundi aliyefunga makabati ya nyumba hii, maana ameambiwa kazi yake imenyooka na bei yake haiumizi mtu.

Utaamini, niligeuka kutazama nyuma yangu.

Maingi akaninyooshea kijiko. "Fundi ni huyu."

Asenath alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. Nilijua anapima kama aage aende. Kisha akasema, "Jumamosi una nafasi?" Nikamwambia ninayo. La kwake tumemaliza jana, na Mjomba anachonga vigingi vingine, maana wengine wawili wanangoja.

Njoo Pasaka, Dada, na watoto. Miaka saba bila kuonana ni mingi. Mama ameshaanza kuhesabu kuku.

Msalimie sana shemeji Elifuraha, na Anaeli na mdogo wake, waambie mama yao mdogo wa Nairobi anawatumia busu moja moja, wasigombanie. Adoyo anakusalimu ingawa hamjaonana. Wayua naye anatuma salamu; ile alama ya kidole pembeni ni yake.

Mungu awafunike huko mliko, awape afya na mvua kwa wakati wake, na atufungulie njia tukutane tukiwa wote wazima.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Nthoki