Kengele Haikulia

Jumatatu, 9 Novemba 1987

Mashine mpya imekufa! Miezi mitatu tu tangu tuifunge kwenye boti ya hoteli, na leo imerudi Watamu ikivutwa kwa kamba, wageni wanne ndani, wekundu, wamenuna. Nahodha ni Mzee Kombe. Namuuliza kama kengele ililia. Leo haikulia hata kidogo, anasema.

Nimefungua. Pistoni ya juu imekwaruzika, kavu kabisa. Oili haikufika. Na hii si kama mashine za zamani za kukoroga oili na petroli kwa mkono — hii inajichanganyia yenyewe, ina kitangi chake cha oili, na oili ikipungua kengele lazima ilie. Sasa kitangi kimejaa na kengele kimya!

Kisha meneja, Bwana Thuku: eti Kamande, si ulisema unaijua mashine hii? Mbele ya wapishi! Nimekula peke yangu.

Jumanne, 10 Novemba

Nimepima kila kitu. Nimelisukuma chini boya la ndani ya kitangi — kengele ikalia hadi mbwa wakakimbia. Waya nzima. Pampu inazunguka, mpira wa kupitisha oili hauna hewa. Basi mashine haina kosa. Na mimi sina kosa! Amebaki nani? Aliyeiendesha.

Nimeandika ripoti: nahodha aliikimbiza kupita kiasi. Nimetia sahihi. Bwana Thuku amemsimamisha kazi papo hapo. Mzee hakubisha. Aliniuliza tu kama nimekula. Hata hilo limeniudhi.

Jumatano, 11 Novemba

Leo nilimwaga oili ili niitoe pampu. Ikatoka nyepesi kama maji. Nikanusa — petroli! Oili kidogo iliyobaki chini ndiyo iliyoipaka rangi ya kijani, nami nikaangalia kwa macho tu. Boya nalo halijui tofauti, kazi yake kuelea.

Mjinga gani huyu? Nikapanda baiskeli hadi Dabaso, kwa Kombe, hasira zimenipanda kichwani. Nimemkuta akimenya mihogo. Hakuficha kitu. Jumamosi, mimi nikiwa Kilifi kutafuta spea, kengele ililia. Akazima mashine, akafunua, akaona kitangi kimepungua.

"Nikasoma mwenyewe, fundi. Pale juu ya kifuniko. Mafuta. Nami nikatia mafuta, ikanyamaza."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba nilimuuliza ya Jumatatu, sikumuuliza ya Jumamosi.

Mwaka mzima huyu mzee anakwenda ngumbaru, anakaa dawatini na watu wazima wenzake kujifunza a, e, i, o, u. Aliponisindikiza njiani akaniuliza kama alisoma vibaya. Nikasema nitaangalia.

Alhamisi, 12 Novemba

Mwandiko ni wangu. Rangi nyeupe, herufi kubwa. Niliandika mwezi wa tisa, kwa sababu watu wa hapa hunicheka Kiswahili changu cha bara — eti "oili" si neno. Haya, nikawaandikia Kiswahili safi! Na hapa ukimwambia mtu atie mafuta, anatia petroli. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Nilijua.

Lakini kwa nini niwe mimi? Nina ripoti yenye sahihi yangu. Nikisema, nafukuzwa mimi. Nisiposema, mzee amekwenda, na nahodha asiye na boti atafanya kazi gani katika umri ule? Hawangenicheka, haya yote yasingetokea!

Saa nne Bwana Thuku anakuja karakana. Kombe naye ameitwa arudishe funguo. Sasa ni saa tatu na nusu. Nimechukua thina ya kufutia rangi na kitambaa. MAF imetoka. UTA imeng'ang'ania. Nimekaa kidogo niandike.

Hodi. Ni Kombe. Amekuja mapema makusudi, anasema kutoka mlangoni, apate kulisoma tena lile neno kabla ya meneja kufika.