Mguu Anaoujua Mama

Jumatatu, 28 Novemba
Mwalimu Noel katupa shairi jipya. Mwanamke kakaa jikoni anamenya mbaazi, anaota ndoto mchana kweupe. Katika kila punje anamwona mtoto wake aliye mbali. Huku chungu kinaungua. Kila ubeti unaishia hivi: "Kesho, kesho nitamfuata." Darasa zima likaanza kutaja tamathali kama wanadi samaki — sitiari, tashihisi, takriri! Mwalimu akauliza takriri hiyo ina kazi gani. Renelle akasema inaonyesha matumaini, akasifiwa. Mimi nikasema inaonyesha uongo. Anayesema kesho mara moja anapanga. Anayesema kila ubeti anadanganya. Mwalimu akaniuliza nani kaniudhi asubuhi yote hii.

Jumatano, 30 Novemba
Insha yangu ya lile shairi imerudi. Tisa kwa ishirini! Eti nimemhukumu mama wa watu bila ushahidi.

Ushahidi ninao. Mama aliondoka hapa kwetu Sauteurs nikiwa na miaka kumi, kwenda kusafisha nyumba za watu ng'ambo, Brooklyn. Aliahidi kunichukua mwakani. Sasa nina kumi na sita, na bado ni mwakani.

Jumapili, 4 Desemba
Mama kapiga simu. Nikamsomea shairi lote, makusudi. Nilijua litamchoma, nikafurahi. Kisha akasema, "Zuri, mwanangu. Yule mama anampenda mtoto wake." Basi, hilo tu. Nikauliza karatasi zangu za kumfuata zimefikia wapi. Mwakani, Mungu akipenda. Ila pipa la Krismasi, lile analotujazia vitu kila mwaka, limeshafika bandarini, na safari hii lina viatu.

Bibi akaninyang'anya simu. Mbona hakutaka tumchoree unyayo wangu kwenye karatasi, kama nyumba zote zinavyofanya mtu akinunuliwa viatu ng'ambo? Nikamsikia Mama akicheka huko. Mguu wa mwanawe anaujua, achorewe wa nini?

Ijumaa, 9 Desemba
Pipa limefika. Mchele, sabuni, nyama za kopo. Chini kabisa, ndani ya taulo, viatu vyeupe vya kanisani vyenye kipepeo. Nimeingiza vidole, kisigino kikabaki nje chote. Ni viatu vya mtoto wa miaka kumi.

Nimelia chooni, bomba nimelifungulia ili Bibi asisikie.

Yule mwanamke wa mbaazi hadanganyi. Sasa naona, na Mwalimu abaki na alama zake. Anakaa na mtoto wake wa kwenye punje, na mtoto huyo hakui. Anayekua ni mimi, bila kuombwa.

Jumamosi, 10 Desemba
Pipa likifika lazima upigwe picha umevaa ulicholetewa, la sivyo aliyetuma ataambiwa kazaa watu wasio na shukrani. Shangazi Merle kaja na kamera.

Nimemwambia Bibi tumweleze Mama ukweli, viatu havinienei. Hakupandisha hata sauti. "Mwenzio anapiga magoti kwenye sakafu za watu mwaka mzima, wewe ukamwambie hamjui mwanawe? Kunja vidole."

Shangazi anasema nisimame nyuma ya pipa, miguu isionekane. Bibi hataki, viatu ndivyo vinavyosubiriwa. Kavipaka mafuta ya nazi vilainike, kaviweka mlangoni pa chumba changu.

Wananiita tena. Nimekaa kitandani, miguu mitupu, naandika haya. Nimewajibu nakuja. Nakuja, nakuja.