Kutua Mzigo Ningali Mzima

Kolo, Kondoa-Irangi,
9 Juni, 1913

Kaka yangu mpendwa Athuman,

Shikamoo. Baada ya salamu nyingi nauliza hali: mgongo je? Usingizi unapata? Chakula cha huko kambini kinapita kooni? Nijibu kweli, si yale ya "sijambo kabisa" unayoandika hata homa ikiwa imekulaza. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, ila macho yanamsumbua, na bado anagomba kama zamani, alhamdulillahi. Uwele tumevuna wa kutosha.

Barua yako ameileta Khamisi wa mjomba, aliporudi kutoka huko kwenye reli. Umenigombeza, kaka! Umesikia kwamba nimeacha upagazi, nina miaka arobaini tu na meno yangu yote, ukaniandikia kuwa nimejichimbia kaburi, maana mpagazi akitua mzigo hamalizi mwaka. Ukanikumbusha baba: alitua wakati wa kupalilia, tukamzika kabla ya mavuno. Mimi nami niliamini hivyo hivyo. Nani kati yetu hakulelewa na maneno hayo?

Haya, nisikilize sasa. Faida ya barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Kabla sijaacha kazi nilimwuliza mama juu ya kifo cha baba. Hakutaka kusema. Nikakaa naye jikoni asubuhi nzima nikimpepetea uwele kama binti, mpaka akachoka nami akasema. Baba alikuwa akitema damu misimu miwili mizima kabla hajatua. Alitembea nayo, huku mpaka pwani na kurudi, mzigo kichwani, na mama akakatazwa asituambie. Si kupumzika kulikomwua. Alirudi nyumbani akiwa amekwisha, sisi tukabaki na kazi ya kumzika tu. Nililia siku ile, sikufichi.

Basi nikapita nyumba hadi nyumba, nikiuliza habari za kila mpagazi aliyekufa baada ya kutua: huyu alitua kwa nini? Mmoja mguu ulioza. Mwingine kifua. Mwingine alianguka njiani akaletwa kwa machela. Wote, kaka! Sikumpata hata marehemu mmoja aliyetua akiwa mzima. Tunangoja mtu ashindwe kusimama ndipo tunamruhusu akae, na akifa tunasema kukaa ndiko kumemwua. Watu wazima sisi, na ndevu zetu!

Aliyetua akiwa mzima nimempata mmoja, Yotham wa Haneti, yule Mgogo tuliyekuwa tukilala kwake na misafara, tukimcheka kwamba ni mvivu. Alibeba pamoja na baba, umri wao mmoja. Binti yake alipoolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, akatua, na nguvu anazo. Nimemkuta yuko juu ya tembe lake anatandaza udongo wa paa, na mvi zake zote. "Ninyi Warangi," akaniambia, "mnangoja mbavu zitoboe ngozi ndipo mseme mmechoka." Nikamjibu kwamba Mgogo hana mbavu, kajaa maziwa matupu. Tulicheka sana. Najua mmoja si wengi. Labda ni yale maziwa, labda ni bahati yake tu. Lakini nilikuwa na huyo mmoja, nikamshika.

Pale stesheni Dodoma nikamwambia mnyapara kwamba mzigo huu wa Kondoa ndio wa mwisho. Akacheka, akaniahidi mwepesi zaidi, kisha akanitisha kwa kodi ya Mdachi. Nikamwambia kodi nitailipa kwa nta na karanga zangu, naye asihangaike.

Nisikudanganye, siku ya nne nyumbani homa ikanishika. Viungo vyote vililalamika kwa pamoja. Niliogopa, kaka, niliogopa kweli. Jirani yetu Tabu akaja na uso wa msiba, akanitazama toka kichwani hadi miguuni kama anayenipimia sanda, na nyuma yake wakaja wengine. Mke wangu Mwantum akawafukuza kwa mwiko: "Mkitaka kumzika huyu, mnizike mimi kwanza!" Siku ya saba nikaamka nina njaa. Huu sasa mwezi wa nne, nalima, nalala, na magoti hayalii tena alfajiri.

Sasa habari zako. Barua ile si mwandiko wako. Herufi zako nazijua tangu chuo cha Kurani, ile kafu yako ya Kiarabu hulala kama mbuzi mgonjwa. Nikambana Khamisi, naye si mtu wa kuficha. Amesema vidole vimevimba hata kalamu hushiki, na asubuhi wenzako wawili hukuinua kutoka mkekani, kisha mnakwenda kunyanyua vyuma. Miaka arobaini na sita, Athuman! Halafu unanigombeza mimi.

Hujafika alipofika baba. Damu hamna, Khamisi ameapa. Kwa hiyo utatua sasa, si msimu ujao. Kama kupumzika kutakuongezea miaka, sijui, anajua Mungu. Najua tu kwamba nimemzika baba na wewe sitaki kukuzika.

Utaniambia mkataba. Najua umebakiza miezi miwili, na anayetoroka huchapwa viboko. Sikuambii utoroke. Khamisi anasema msimamizi wenu hukubali ndugu ashike nafasi ya ndugu, mradi hesabu ya watu itimie. Basi nakuja. Ijumaa nikishasali nashuka Dodoma, napanda gari la moshi hadi Tabora, nije kambini kwa miguu. Wewe utarudi nyumbani, mimi nitabaki nikinyanyua reli kwa jina lako mpaka mkataba uishe. Usinibishie. Mwantum amenibishia siku tatu, na wewe humfikii. Mgongo wangu unaweza kutoa miezi miwili kwa sababu sikungoja uishe. Wako hauwezi.

Mama anakusalimu sana, amekwisha kukutandikia kitanda cha kamba karibu na mlango. Mwantum anakusalimu, japo amenuna. Khamisi anakuomba radhi kwa kusema yote. Nawe nisalimie wale wawili wanaokuinua asubuhi, uwaambie nakuja kuwapumzisha.

Mungu akulinde na akutie nguvu hadi nifike.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nisiyekuogopa tena,

Abbasi