Pacha Niliyemnyonyesha

Changamwe, Ijumaa baada ya sala

Kwako mdogo wangu Fatuma, tumbo moja ziwa moja, uliye Siyu.

Nakuamkia kwa salamu ya Mungu, kisha naliuliza goti lako. Lakunjika? Na kile kikohozi? Mimi mwili sijambo. Meno ninayo manne, macho yaona, chakula chapita. Kilichoharibika ni kichwa, na ndicho nilichokuandikia.

Anayeandika ni Rukia, mke wa mwanangu mkubwa. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, hata pale nitakapomsema yeye mwenyewe. Amesema, "Abee, mama."

Fatuma, huku nimepumzishwa. Nikishika ufagio, Rukia aja mbio: "Mama, kaa." Nikivuta ungo nichambue mchele: "Mama, macho yako." Nikitaka kwenda sokoni: "Mama, magari." Ni mtoto mwema, Mungu amlipe, lakini amenipumzisha mpaka akili nayo ikalala. Kisu ukikichomeka makutini miaka sita, siku unayokitaka wakuta mpini na kutu.

Wakumbuka nilivyokuwa. Siyu hakuna aliyeposa bila kupita kwangu kwanza: "Bi Mwanakombo, huyu na huyu hawakunyonya pamoja?" Nami najibu hapo hapo, mwiko mkononi: fulani alinyonya kwa fulani mwaka wa ndui, hao ni ndugu, wasioane. Hakuna aliyeandika popote. Yote yalikuwa kichwani mwangu, na kila aliyeuliza alikuwa akikinoa. Hapa nani aniulize? Jirani zangu ni watu wa reli kutoka bara, watu wazuri, twaamkiana. Vijana wabishana bendera ipi itapandishwa uhuru ukija. Hakuna mwenye haja ya kujua ziwa la nani lilimlea nani.

Dawa nimejaribu. Habasoda na asali kila asubuhi. Nikimaliza kusali alfajiri nazihesabu nyumba za mtaa wetu wa huko Siyu, tangu msikitini hadi kisimani, na waliozaliwa kila nyumba. Mfungo uliopita zilitimia ishirini na moja. Sasa nikifika ya tisa nakuta kiwanja kitupu. Jana nilimsahau mwenye nyumba ya pili, na nyumba ya pili ni yetu.

Sasa sikia. Athumani, kitinda mimba wangu, amepata mchumba. Nilifurahi mpaka nilipoambiwa ni nani. Ni Zena, mmoja wa wale pacha wa jirani yetu marehemu Bi Mize. Yuko Mtopanga kwa ami yake. Aliletwa kuniamkia, akanibusu mkono, nami nikaingiwa na baridi.

Wajua kwa nini. Mize alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Mimi nilikuwa na Athumani kifuani, wewe na Omari wako. Tukagawana, wewe pacha mmoja, mimi mmoja, miezi miwili mizima. Basi mmoja wa wasichana wale ni mwanangu, dada yake Athumani, haramu kwake kama aliyetoka tumboni mwangu. Mwingine ni wako, na huyo amwoe hata kesho. Yupi?

Wenyewe waliambiwa tu kwamba walinyonyeshwa na Bi Mwanakombo na Bi Fatuma. Nani kwa nani, hakuna aliyewatajia, maana mimi nilikuwepo wa kuulizwa. Nakumbuka uzito wake kwapani. Nakumbuka aliniuma kwa ufizi kabla hajaota jino. Nakumbuka uzi mweusi tuliomfunga mmoja mkononi tusiwachanganye. Jina ndilo silipati. Zena, Maryamu, Maryamu, Zena, nayataja mpaka yawa sauti tupu.

Athumani alinipigia magoti. "Mama, sema neno moja tu."

"Ngoja, mwanangu."

"Nimengoja tangu mfungo. Wewe wajua za watu wote, za kwangu mimi ndizo hujui?"

Nikamfukuza, nikamwambia amenikanyagia mkeka kwa miguu michafu.

Maalimu wa msikiti wa hapa asema nikishuhudia niliyemnyonyesha ni Zena, ndoa haiko. Nikisema sijui, shaka haiharamishi, lakini kujiepusha ni bora. Maalimu ni kijana. Asema vizuri, kisha aenda zake kula.

Basi ndugu yangu, barua hii ikisomwa usijibu papo hapo. Nenda ukaketi ukumbini tulipokuwa tukiketi, wewe upande wa mlango, mimi upande wa kinu. Pakata mto kama mtoto, fumba macho, umwite. Jina litakalokuja la kwanza ndilo.

Hapa Rukia aliweka kalamu chini. Nikamwuliza, "Wino umekwisha?" Alikuwa akilia. Akasema, "Mama, hii ni barua ya tatu. Maneno ni haya haya, hata goti, hata mto."

Nikamwita mwongo. Akaenda sandukuni akaniletea majibu yako mawili, akanisomea. La kwanza wasema uliyemnyonyesha wewe ni Zena. La pili wasema ni Maryamu, na chini waniuliza kama mume wangu hajambo, wewe uliyenishika siku alipozikwa.

Tumekwisha, mdogo wangu. Tulikuwa vibuyu viwili vya kisima kimoja, na vyote vimetoboka.

Barua niliiacha, nimeirudia alasiri. Nimemwita Athumani nikamwambia mbele ya Rukia: sijui, wala sitajua. Alivaa kofia akatoka, na mpaka sasa hajarudi. Rukia nimemwambia kesho anipe mchele nichambue, hata nikiacha mawe, mtatafuna mawe. Amesema, "Abee, mama," lakini ungo bado umetundikwa juu, nauona.

Nisalimie mwanao Omari na mkewe, na mke wa mwadhini, na yule shoga yetu msuka mikeka, kama yu hai. Habari ya pacha usinijibu tena. Na barua ya nne ikija na maneno haya haya, asicheke mtu. Nirudishie salamu tu.

Mimi dada yako Mwanakombo, niliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Hilo bado nalijua.