Muziki wa Kuwekea Kiganja

Durban, Jumanne asubuhi, wateja bado

Dada yangu Zaina, fundi wa Mashewa,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Sikudhani, mzima, ila vidole vimevimba kama nimetia mkono kwenye mzinga wa nyuki. Wewe je, hujambo? Mgongo wa mama umepoa kidogo au bado anaamka ameushika? Na cherehani, ule mkanda uliokuwa unateleza umeubadilisha au bado unaufunga na kitambaa? Nimesikia mvua huko zimenyesha vizuri. Basi nyani wayaache mahindi ya bondeni mwaka huu, na wao wajifunze kulima.

Mama Furaha, yule Mkongo mwenye saluni ninayosukia, kaniona nimeinama na kalamu, akaniuliza, "Weye, mu dunia hii nani angali anaandikaka barua?" Nikamwambia dada yangu ni kiziwi toka kuzaliwa, kumpigia simu ni bure, na kitochi chake ukikitumia meseji ndefu kinaikata vipande vitatu halafu cha katikati kinapotea. Akacheka. "Haya andika. Lakini mteja akiingia, unaacha."

Kwa hiyo nikikatisha mahali ujue kaingia mtu na kichwa chake.

Huku maisha yanakwenda. Kusimama ndiyo shida, toka asubuhi mpaka jioni miguu inakuwa kama ya kuazima. Baridi nayo, we acha tu. Kuna siku mtaa ukichangamka vibaya sisi wageni tunashusha geti mapema tunakaa ndani kimya. Na karatasi zangu za ukaazi bado, kila nikienda naambiwa rudi wiki ijayo. Ndiyo kusema harusini kwako sitakuwepo. Nimeiandika haraka ili iishe, maana nikiikalia nitalia na nitalowesha karatasi.

Sasa sikiliza. Najua, najua, usinitolee macho! Soma, basi. Nina habari kubwa.

Mlango wa pili kutoka hapa kuna jamaa anaitwa Sipho, kazi yake kufunga mziki kwenye magari. Kiswahili hajui, tunaongea Kiingereza cha kuokotaokota pamoja na mikono, na mikono mimi nina uzoefu nayo, wewe ndiye uliyenifundisha. Siku moja nilikuwa namsuka mama mmoja nywele ndogondogo, zile za kukesha nazo. Kumbe Sipho kafunga spika mpya kwenye buti ya gari, nzito kama debe la mchanga, akaiwasha kuijaribu. Dada! Kabla sijasikia kwa masikio nimesikia kwa vidole. Kitu kimetoka chini ya sakafu, kikapanda kwenye miguu ya kiti, kikapita kwenye fuvu la yule mama, kikaja kwenye nywele nilizoshika. Nywele zinapiga! Du, du, du, du. Nikaziachia kama nimeshika waya wa umeme.

Mteja akageuka, "Vipi, umeona chawa?"

Nimetoka mbio na kitana mkononi. Sipho yuko na bisibisi, anacheka peke yake.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Unauliza msanii au unauliza aina?"

"Kwani zina aina?"

Akanitazama kwa huruma, kama wewe unavyomtazama mtu anayekwambia kitambaa ni kitambaa tu.

Basi toka siku ile sijatulia. Si unanijua. Simu yangu imejaa miziki mpaka picha nimefuta, nimebakiza ya mama na yako ile ya sikukuu. Kila nikipumzika niko kwa Sipho, namsumbua, hii inaitwaje, na ile mbona inaruka. Sisi pale nyumbani chochote kinachodunda bila gitaa tulikiita disko, tumemaliza. Kumbe ni ukoo mzima, una wajomba na mashangazi na watoto wa nje! Na hakuna anayepiga ngoma wala zeze. Mtu anakaa na mashine yake anapanga vishindo kimojakimoja, anakata, anaunga, anarudia, kama wewe na vipande vya gauni. Mimi mwenyewe nimeshusha programu moja kwenye simu, hakuna aliyenifundisha, nabonyeza tu mpaka nakosea vizuri.

Nikawa najiuliza nitamwelezaje Zaina. Halafu nikagundua wewe ndiye mtu rahisi kuliko wote, maana haya mambo unayajua kwa miguu miaka yote.

Kuna hausi. Hausi ni wewe umekaa kwenye cherehani unapiga pindo refu la shuka, mguu unakanyaga sawasawa, hauna haraka, hausimami, na mwili mzima unatulia. Ukiikaza hiyo, ukaondoa utamu wote ukabakiza chuma, unapata tekno. Unakumbuka mashine ya kusaga, ulivyokuwa unavua ndala unasimama kwenye saruji yake wakati sisi tunakimbia vumbi? Ndiyo hiyo. Wewe tekno umeisikia kabla yangu, mwenzangu.

Ile iliyonitoa mbio saluni ni ya hapahapa Durban, wanaiita gqom, na mwanzo wa jina wanagongesha ulimi, mimi nikijaribu Sipho anakaa chini kwa kucheka. Hiyo haikanyagi sawa. Ni kama bodaboda ya kushuka kutoka Bungu: umejiandaa kwa shimo, shimo halipo, halafu umejisahau, ndiyo hilo. Roho inaruka lakini unataka tena. Amapiano, yenyewe ina besi inayoteleza. Umekaa kwenye benchi, anakuja mtu mnene anakaa pembeni yako polepole, ubao unainama nawe unainama. Hiyohiyo.

Mteja kaingia.

Nimerudi. Alitaka kufumua tu. Nilikuwa wapi? Ehe, iko moja inaitwa dramu na besi, na hii wallahi nimecheka peke yangu barabarani, maana juu inakimbia kama mwizi na chini inatembea kama mzee. Nikasema hii nimeiona wapi? Kwenye cherehani yako! Mguu unakwenda taratibu, sindano inakwenda mbio, na vyote ni mkanda mmoja. Nao wamezunguka na mitambo kumbe kitu kiko Mashewa kinashona sare za shule.

Ya transi ni ya kungoja. Inapanda, inapanda, halafu chini kote kunanyamaza, halafu inashuka yote kwa mpigo. Unakumbuka stesheni ya Korogwe, tumekwenda na baba, ulivyonishika mkono ukanivuta nyuma na ukaonyesha kwa kidole chini? Hakuna aliyesikia kitu. Baba akasema mwache anacheza. Tumekaa, tumekaa, ndipo garimoshi likatokea. Huo wakati ambao wewe ulijua na sisi hatujajua, ndiyo transi. Na singeli yetu ya Dar, ile ya mbio, ipo pia, nimemwekea Sipho, akaniuliza kama simu yangu imeharibika. Nikamwambia hapana kaka, sisi ndivyo tunavyofurahi.

Nikamweleza habari zako. Nikamwambia mama akimtaka Zaina hapotezi sauti, anachukua mchi anagonga sakafu ya jikoni, viwili vya haraka, kimoja kizito, na dada anajibu huko chumbani kwa kugonga meza na mkasi mara moja, ndipo anakuja. Sipho akasema, "Mlete huyo. Wateja wangu wote watakuwa viziwi siku si nyingi, angalau yeye kaanza na uzoefu."

Ni mjinga yule, lakini alinisaidia. Nimeziba masikio na pamba, juu nikafunga kilemba cha saluni, nikavua viatu nikakaa kwenye buti ya gari. Nikamwambia weka moja baada ya nyingine usiniambie ipi ni ipi. Watu wanapita wananiangalia. Mama Furaha katoka mlangoni, midomo inakwenda, sijui alikuwa anasema nini, ila mikono ilikuwa inasema nimerogwa. Dada, nilizijua zote isipokuwa moja! Kwa nyayo na kiganja.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Maana wiki ileile nilimpigia shangazi kule Chanika, nimuulize ya harusi. Nikamwambia, "Shangazi, mziki mmekodi wa nani?"

"Mziki wa nini? Tunasoma dua, tunakula pilau, watu wanatawanyika. Bi harusi mwenyewe hasikii, tutamchezea nani, migomba?"

"Wewe kwenye harusi yako ulisikia nini, na wanasema ulilia mwanzo mpaka mwisho?"

"We mtoto! Huko Afrika Kusini ndiko mnakofundishwa kujibu wakubwa?" Halafu akapoa. Akasema, "Mimi sitaki watu wamcheke tena kama siku ile hapa kwangu."

Ikabidi nikutumie meseji nikuulize wewe, ukanijibu, "Sijali. Wao ndio wanaosikia."

Nimeikalia hiyo meseji siku nyingi. Siiamini, dada. Na mimi ndiye ninayejua kwa nini siiamini.

Siku ile ya Chanika, harusi ya binti wa shangazi, uliegemea spika. Mgongo wote, macho umefumba. Halafu ukasimama ukaanza kucheza, na nakwambia leo, ulikuwa unakwenda na kishindo sawasawa kuliko sisi wote wenye masikio. Ndipo wale vijana wakaanza, "Oneni, kiziwi kapandwa na shetani!" Watu wakacheka. Mimi ilinipasa nisimame nicheze na wewe. Sikusimama. Niliona aibu. Nilikuvuta gauni mpaka likachanika kwapani, lile la kijani ulilolishona mwenyewe, nikakupeleka nyuma kwenye masufuria. Kesho yake ulikaa kwenye cherehani ukaliunga, ukaniangalia mara moja tu. Hukuniuliza. Mimi nilijiambia nimekuokoa.

Nisamehe, dada. Nilikutoa kwenye kitu chako.

Sasa ndani ya barua kuna karatasi ya dawa ya meno nimeikunja, humo mna memori kadi. Usiitikise. Mna nyimbo sita. Nenda nayo mchana kwa Kidevu, yule wa kukodisha mziki pale sokoni. Mwambie alaze spika kubwa iangalie chini. Vua viatu, kaa juu yake, na asikuharakishe. Ya kwanza hausi, ya pili tekno, ya tatu gqom, ya nne amapiano, ya tano singeli. Shikilia vizuri kwenye ya tano.

Na huyo mchumba wako, shemeji Bakari, si ni seremala? Bi harusi kwa vyovyote atakaa juu ya jukwaa aonekane. Basi alitengeneze la mbao tupu, lenye uwazi chini, wasilijaze mchanga wala kulitandika magodoro, na spika ziingie humo. Usikae kwenye kochi la kukodi, kaa kwenye kiti cha mbao, viatu pembeni, hina yako ionekane. Wageni wacheze chini, wewe muziki wako unakuja kwa miguu. Dua isomwe kwanza, hilo sibishani na mtu. Shangazi nimeshamwambia tena, hajakubali, ila hajakata simu. Kasema, "Zaina mwenyewe akisema anataka, mimi nitakuwa wa kwanza kuinuka, na atakayecheka nitamtoa kwa mwiko." Kwa hiyo limebaki neno lako.

Ukizikalia zote ukaona hapana, kelele tu za Sikudhani, niandikie hapana. Nitasimama na wewe, mle pilau yenu kwa amani. Lakini usiniandikie sijali. Niandikie namba ya wimbo unaoutaka.

Nisalimie mama, mwambie asibebe maji, nimesema mimi. Shangazi shikamoo yake nyingi, na asinune. Shemeji Bakari mwambie misumari asibane mno, ubao uwe na nafasi ya kutikisika. Mpwa wetu anayekufungulia kibanda asubuhi mpe mkono. Na Kidevu asalimiwe, akikudharau mwambie nitarudi siku moja na nitazikagua spika zake.

Mama Furaha ananiita, kuna vichwa viwili.

Ile ya sita nimeitengeneza mwenyewe kwenye simu hii, wiki tatu, nimefuta mara nyingi kuliko nilivyoandika. Haina jina la aina, Sipho kaisikiliza akasema ni fupi mno na katikati kuna pahala patupu, nimesahau kujaza. Sijasahau. Iache mpaka mwisho, weka kiganja. Viwili vya haraka, kimoja kizito. Pale panaponyamaza ni pako, chukua mkasi.

Mdogo wako anayekungoja ujibu,

Sikudhani