Kiota cha Chozi Ng'ambo ya Handaki

Baba,

Mvua imenyesha bila wewe. Kaburi lako limeota nyasi. Bado tuko katika kijiji hiki Wazungu walichotuhamishia wakati wa Hali ya Hatari, na handaki bado linatutenga na msitu ulimokuwa ukirina asali.

Juzi sisi wanawake wa Kianjokoma tuliruhusiwa kuvuka handaki kwenda kuokota kuni, homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, wakitulinda. Nikamsikia chozi, yule ndege wako mdogo, akiimba. Nilisahau amri ya kutoachana, Baba. Nilimfuata mpaka nikaona kiota kinaning'inia kwenye tawi la chini.

"Simama! Chakula cha waasi wa msituni umekificha wapi?"

Alikuwa Njeru, mwana wa jirani yetu wa zamani, siku hizi homugadi. Bunduki ilinielekea kifuani. Kuna mwanamke wa hapa aliyepelekwa kizuizini kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Namtazama ndege," nikasema.

"Ndege?" Akacheka vibaya.

Basi nikamweleza vile ulivyonieleza mimi. Kwamba jike hujenga peke yake, kwa kuvumwani inayoota kwenye magome ya miti na majani makavu, akivifunga kwa utando wa buibui. Kwamba dume, mwenye kichwa cha kijani na kifua chekundu, kazi yake ni kuimba na kufukuza wenzake kwenye maua yake. Kwamba mdomo umepinda ili ufike ndani kabisa ya ua, kwenye utamu, na akitoka ana unga wa njano kwenye paji, anaupeleka ua la pili. Lakini makinda hawakui kwa utamu, lazima waletewe wadudu. Nilisema mfululizo kwa woga, sijui hata nilipumua saa ngapi.

Jike akaja. Mdomoni alikuwa na buibui, miguu inaning'inia. Akaingiza kichwa kwenye tundu la ubavuni, makinda wakalia. Tulimwona sote wawili.

Njeru alishusha bunduki.

"Rudi kwa wenzako, dada. Haraka, mkubwa asikuone."

Nilibeba kuni zangu. Njiani nililia, lakini si kwa sababu ya bunduki. Nilikumbuka wiki ile kifua kilipokuzidi. Uliniita, "Mama," kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako, ukauliza, "Chozi bado wanaimba kule?" Nilikuwa nimechoka kwa kuchimba handaki tangu asubuhi. Nikakujibu, "Mimi nitajuaje?" Ukageukia ukutani. Hukuuliza tena.

Nisamehe, Baba. Wanaimba.

Mama naye ameanza kukohoa. Jana aliniuliza mara tatu kama mahindi yameota, na mara zote tatu niliweka jembe chini nikamjibu. Nitafanya hivyo hadi siku yake ya mwisho. Pumzika sasa.

Binti yako,
Marigu