Thelathini za Mwalimu Tluway

Karatu, Jumamosi, Julai 1984. Asubuhi ukungu, mchana jua kali, na sasa jua linazama na baridi imerudi.

Nimekaa kitandani, miguu iko kwenye karai la maji ya chumvi. Kila nikitaka kuandika kilichotokea najikuta nacheka, halafu naogopa.

Acha nianze mwanzo.

Leo ilikuwa mbio yangu ndefu ya mwisho. Zimebaki wiki tatu kufika siku ya marathoni. Mwalimu Tluway, ambaye tunafundisha naye shule moja na ndiye anayenifanyisha mazoezi, alikwisha sema kwamba kuanzia kesho ni kupunguza tu, ili mwili upumzike. "Zikimbie hizi kilomita thelathini vizuri, Paskalina," aliniambia jana ofisini. "Jumatatu napeleka jina lako mkoani."

Njia aliipima mwenyewe juzi, kwa pikipiki aliyoazima kwa shemeji yake Amsi, fundi wa shamba moja la kahawa. Pikipiki yake mwenyewe imelala tangu Pasaka, tairi hazipatikani. Akapaka chokaa kwenye mawe na miti ili nisipotee: kutoka uwanja wa shule, kupitia Ganako, kufuata ukingo wa msitu, kupanda barabara ya zamani ya kusombea magogo mpaka juu kabisa panapoonekana kreta, lile bonde la volkano, kisha kushuka kwa upande wa Rhotia na kurudi uwanjani.

Nilitoka saa kumi na mbili. Saa tatu nilitakiwa niwe nimerudi.

Mwanzo nilikuwa mwepesi. Msituni njia ilikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi, nikapita huku nimeshika pumzi. Kupanda kukaanza. Nikapanda, nikapanda, na kila kona niliyodhani ni ya mwisho ilizaa nyingine. Kule juu ukungu ulikuwa umeziba, hata hiyo kreta sikuiona. Jua lilipotoboa, kivuli kikaniambia saa tatu imeshapita, na mimi ndiyo kwanza nageuza.



Nikiteremka nilikutana na akina mama wawili wa Kimasai na punda wao. Nikawauliza kama Karatu iko karibu. Mmoja akaniangalia raba zangu, akaniangalia uso. "Bado mbali, dada," akasema. "Nani anakufukuza?"

Akanipa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa nimesimama, nikaondoka.

Sehemu iliyobaki sitaki kuikumbuka sana. Nilitembea mara mbili. Nililia mara moja, karibu na shamba la mahindi ambalo halijavunwa, nikajificha ili watu wasinione. Nilijiambia kwamba nimejidanganya mwaka mzima. Mtu anayeshindwa na kilomita thelathini anakwenda kufanya nini kwenye arobaini na mbili?

Nilifika uwanjani saa tano kasorobo.

Mwalimu Tluway alikuwa amesimama golini na saa mkononi. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Ulianguka?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Akatazama saa yake tena. "Basi nenda kapumzike." Hakusema neno lolote kuhusu Jumatatu.

Nyumbani mama alinipa uji, nikashindwa kuumeza. Nililala sakafuni jikoni, kwa sababu kupanda kitandani ilikuwa kazi. Nilikuwa nimekwisha kata shauri: Jumatatu nitamwambia mwenyewe asilipeleke jina langu. Nisimwachie aibu ya kunikata.

Saa tisa hivi nikasikia hodi. Mwalimu Tluway na shemeji yake Amsi walikuwa mlangoni, kofia mikononi. Mama akashika kifua. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," alisema Mwalimu, lakini uso wake ulikuwa wa msibani. "Paskalina, nimekuja kukuomba radhi."

Amsi ndiye aliyeeleza. Mwalimu alikwenda kumrudishia pikipiki, akamsimulia jinsi nilivyofeli. Amsi akamuuliza thelathini alizipataje. "Nilisoma pale kwenye namba," Mwalimu akamjibu.

"Ile pikipiki ni ya Kiingereza, ya zamani," Amsi alisema huku ananitazama kama mtu aliyeona mzuka. "Haihesabu kilomita, dada. Inahesabu maili."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini kichwa kilikataa kabisa.

"Arobaini na nane," Mwalimu akasema polepole. "Umekimbia kilomita arobaini na nane. Na mlima juu yake."

Nilishika ukuta. Marathoni nzima, na kilomita sita za ziada, nami nilikuwa nalia kwamba siwezi.

Mama alitaka atafsiriwe kwa Kiiraqw, akatafsiriwa. Kisha akamgeukia Mwalimu, bila kujali mvi zake. "Yaani umemkimbiza mwanangu kama ng'ombe wa mnadani kwa sababu hukujua kusoma namba? Angefia huko porini ungeniletea nini hapa? Pikipiki?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Una haki, mama." Hakujitetea hata kidogo.

Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha, mpaka mama akadhani nimepata wazimu.

Baadaye, Mwalimu alipokuwa anaondoka, nilimuuliza. Jina litakwenda? Alinishangaa. "Litakwenda, hata nikilibeba mwenyewe kwa mguu. Lakini wiki nzima hii nisikuone hata ukikimbilia kengele."

Sasa nipo peke yangu. Kucha mbili zimekuwa nyeusi. Goti la kushoto limevimba kidogo, na hilo ndilo linalonitisha, maana huenda leo nimezimaliza nguvu nilizokuwa naiwekea siku ya marathoni. Sijui. Wiki tatu zitasema.

Lakini kinachoninyima utulivu si goti. Ni hiki: Mwalimu angeniambia jana kwamba ni arobaini na nane, nisingetoka. Ningesema naumwa tumbo, na ningeamini kweli kwamba naumwa.

Je, ni mambo mangapi mengine nimeyakataa kwa sababu tu niliambiwa urefu wake?